Sufuria Isiyokombolewa

Ilianza Jumanne moja ya likizo ya Juni, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho ile ya ukutani katika chumba cha cherehani, nikimsubiri mama amalize kupinda sare za chekechea twende zetu. Mratibu wa kituo cha watoto akaingia ameshika kikombe cha plastiki cha mtoto. Akauliza nani ameandika jina juu ya kikombe kile. Nilidhani nimekosea. Mama akaninyooshea mkasi.

"Huyo hapo. Mdomo hana, mkono anao."

Ndivyo nilivyopewa kazi ya kuandika historia ya kituo. Jiko jipya lilikuwa limekwisha, bado kufunguliwa tu, na upande wake wa barazani kulikuwa na ukuta mweupe mtupu. Jumamosi ya wiki iliyofuata wageni wa shirika wangekuja kwenye sherehe, na mratibu alitaka wakifika wasome kituo kilitoka wapi. Yeye mwenyewe alikuja Pongwe Januari tu. Alichokuwa nacho ni karatasi moja yenye mistari sita: shirika lilikuja, likajenga chumba kimoja, likaongeza cha pili, ikaja kliniki ya kupima watoto, kikaja kisima, zikaja cherehani. Akanipa karatasi hiyo na kopo la rangi ya bluu, akaniambia niongeze nyama, niwaulize watu wa zamani.

Kuandika ningeandika hata usiku kucha. Kuuliza ndiko kulikonitia homa. Niko kidato cha tatu, na tangu nianze sekondari nimenyoosha mkono darasani mara mbili, moja ikiwa ya kuomba kwenda chooni. Nyumbani kwetu hadi kituoni kuna barabara kubwa, dakika saba, na kuna kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga, dakika kumi na tano. Mimi napita kichochoroni. Barabarani kuna mabenchi, na kila benchi lina wazee wa kuamkiwa, na ukishaamkia unaulizwa wa nani, unakwenda wapi, mbona umekonda. Tulihama kutoka Usagara miaka miwili iliyopita na bado wananiuliza wa nani.

Watu wa zamani waliobaki kituoni ni wawili. Wa kwanza ni mpishi, ambaye kila mtu, mpaka watoto wa miaka mitatu, anamwita Bibi wa Uji. Ni Mzigua wa Handeni, mwembamba, anatembea kama anayewahi kitu. Wa pili ni mlinzi, Babu wa Getini, Mnyamwezi aliyezaliwa hapa hapa kwenye kambi ya mkonge; baba yake ndiye aliyekuja kukata mkonge kutoka Tabora. Babu anakaa getini juu ya kigoda alichokitengeneza mwenyewe kwa mlingoti wa mkonge, na hakuna mtu mwingine anayekikalia.

Wawili hawa nilikuwa nimewasikia wakisemeshana kila siku, na kila siku nilisikitika. Bibi akipita getini alfajiri humwita Babu mgeni. "Mgeni, bado hujarudi kwenu?" Babu naye humjibu bila kumtazama kwamba hawezi kuondoka, ana mali yake humu ndani na mali yenyewe ina miguu ya korongo. Hakuna aliyecheka hata siku moja. Nikaamini wanachukiana, na kwamba ni uzee tu uliowafanya wakubali kufanya kazi mahali pamoja.

Nilianza na Bibi. Nilisimama mlangoni pa jiko la zamani, lile la mabati, nikamwamkia, nikakaa kimya mpaka akaniuliza mwenyewe ninataka nini. Nilipomwambia, akaendelea kukoroga.

"Nilipika, wakala. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa akitafuta maneno, maana baada ya muda akaniambia, akiwa bado amenipa mgongo, kwamba binti yake atakuja na wajukuu kutoka Handeni kuiona sherehe, kwa sababu mratibu amemwambia yeye ndiye atakayekata utepe wa jiko. Mama yangu alikuwa ameshampima gauni. Kisha akageuka.

"Mimi sijui kusoma, lakini wajukuu wangu wanajua. Hakuna ukuta uliowahi kunitaja. Uniandike vizuri, mwanangu."

Nilimwahidi. Nikaenda getini.

Babu aliniacha nisimame juani kidogo, kisha akaniuliza kama kalamu ina wino wa kutosha. Nikasema ina. Akaanza kutamka polepole, kama mwalimu wa imla.

"Andika. Uji wa kwanza wa kituo hiki ulipikwa kwa sufuria ya wizi. Mwizi mwenyewe unamjua, yupo kule ndani anakoroga. Aliichukua msibani kwa baba yangu, watu tunalia."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mkavu kama kuni. Ningeuliza neno moja tu, "Kweli?", mambo yote yaliyofuata yasingetokea. Nikasema asante Babu, nikaondoka.

Nisiseme uongo hapa: ile sentensi niliipenda. Mistari sita ya shirika ilikuwa kama ratiba ya vipindi. Hii ilikuwa na mtu ndani yake. Usiku nikaifikiria, nikaona naelewa: mama maskini, watoto wana njaa, sufuria ipo pale msibani, wenyewe wanalia. Nikaona wizi wenyewe ni wa heshima, na kwamba nitakuwa nimemwandika Bibi vizuri kuliko alivyotegemea. Nikatunga: "Kabla ya chumba cha kwanza kujengwa, palikuwa na uji. Uji huo ulipikwa na Bibi wa Uji, kwa sufuria aliyoiiba msibani, akawalisha watoto wa wakata mkonge." Nikaisoma mara tatu, nikajisikia mwandishi.

Mratibu alikuwa akihangaika na maturubai na viti vya kukodi. Akapekua kurasa zangu kwa kidole gumba, akasifia mwandiko, akaniambia niendelee. Nilipaka kuanzia Jumapili hadi Jumanne jioni, herufi moja moja, nikianzia juu kwenye ngazi mpaka chini. Watoto wa chekechea walikuwa wakija kunishikia kopo. Bibi alipita mara nyingi, akisimama nyuma yangu na ungo wake, akiniuliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha mstari. Akaugusa ukingoni kwa kidole, rangi ikiwa haijakauka, akaenda nayo kidoleni siku nzima.

Jumatano asubuhi mratibu alisimama mbele ya ukuta, akasoma wote. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii umeitoa wapi?"

Nikasema kwa Babu wa Getini.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinieleza taratibu kwamba funguo za stoo anashika Bibi, unga wote wa wafadhili unapita mikononi mwake, na wafadhili wenyewe wanakuja Jumamosi kusoma ukutani kwamba ni mwizi. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama amemuuliza Bibi mwenyewe. Akaangalia chini. Akasema, "Mimi nitamuulizaje mama mzee kama yule kwamba eti wewe ni mwizi?" Nikaona kumbe na watu wazima wana kichochoro chao. Akamaliza kwa kuniambia kwamba fundi atapaka chokaa Ijumaa, ukuta wote, na utepe atakata mwenyekiti wa mtaa mpaka jambo hili lieleweke. Bibi ataambiwa kesho jioni.

Nikarudi nyumbani kupitia kichochoroni. Gauni la Bibi lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa chumba chetu, zambarau, bado vifungo. Mama alinikuta nalitazama, nikamwambia kila kitu. Alilishusha gauni, akalikunja mkononi.

"Umeandika kwa mdomo wa mtu," akasema. "Sasa kaseme kwa wako."

Mama asingeweza kunisaidia zaidi ya hapo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa mjini na shangazi zake Wadigo, na mambo ya wazee wa kambini hakuyajua kuliko mimi.

Alhamisi nilifika kituoni saa moja kasoro. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikamsomea Babu nikiwa nimesimama: nimeandika ulivyosema, ukuta unafutwa, utepe Bibi amenyang'anywa. Babu alisimama kutoka kwenye kigoda chake. Sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu.

"Umeandika? Ukutani? Kwa rangi?"

"Ulisema andika."

Akashika kichwa. Akazunguka kigoda mara moja, akakaa, akasimama tena.

"Mjukuu wangu, yule ni mtani wangu. Mzigua na Mnyamwezi, utani wao ulikuwepo kabla ya reli. Utani unasemwa, haupakwi rangi. Ukishaandikwa unakuwa kesi."

Utani nilikuwa nimeusoma shuleni. Kwenye kitabu watani walikuwa wanacheka, na swali la kwanza la zoezi lilisema taja faida tano za utani. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu wanaweza kutaniana maisha yao yote kwa nyuso za msibani. Nikamuuliza basi ile sufuria vipi. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza la kweli katika kazi yote. Akasema hawezi kulieleza peke yake, ni mwiko kumsimulia mtani akiwa hayupo, tukamwone.

Tulimkuta Bibi anapepeta. Nilimwambia mwenyewe. Babu alikuwa nyuma yangu akijifanya anakagua bati. Nilimwambia na la utepe, maana nilijiahidi kutobakiza kitu. Bibi akaweka ungo chini.

"Hebu nisomee."

Nikasoma, mpaka pale pa sufuria. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamtazama Babu juu ya bega langu.

"Kwa hiyo miaka yote hii umekosa wa kukusikiliza, ukaenda kumwandikisha mtoto."

"Nilijua ana akili, ataelewa," akasema Babu.

"Akili anayo. Wewe ndiye uliyemwambia kwa sura yako hiyo ya kaburi, nani atajua unatania."

Kisha akacheka. Bibi akicheka hutoa sauti ndogo sana, kama kifuniko kinachotikiswa na mvuke. Akakaa juu ya gunia la unga na kucheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na Babu, ambaye nilidhani hana meno, akaonyesha manne.

Wakanisimulia wote wawili, wakinyang'anyana. Baba yake Babu alifia kambini. Wazigua wa jirani wakaja kama watani wanavyotakiwa: walichimba kaburi, walikata kuni, na kati ya kazi na kazi wakafanya vituko ili wafiwa wasizame. Bibi alikuwa mwanamke kijana, ana mtoto mgongoni. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, kwa kuchechemea, mbele ya jeneza. Halafu wakati wa chakula akaigeuza sufuria kubwa ya kambi kabla haijatiwa kitu, akaikalia. Akasema hakuna kupika wala kula mpaka wafiwa waikomboe. Ndiyo desturi: mtani akikamata kitu msibani ni chake mpaka mwenyewe akikomboe kwa kitu kingine, kuku, kanga, hata jogoo kilema. Babu wakati huo alikuwa kijana, macho yamevimba kwa kulia, hana hata kuku. Akamwambia ataikomboa baada ya arobaini. Bibi akawaazima ipikiwe siku ile, na jioni akaondoka nayo kichwani.

"Arobaini ikapita," akasema Bibi. "Nikamngoja. Sufuria ya watu hamsini, mimi nyumbani tupo wanne. Nikafanye nayo nini? Asubuhi wanawake wanakwenda kukata mkonge, wanaacha watoto vibarazani wanakula mchanga. Nikasema ngoja niwapikie uji mpaka huyu mgeni aje achukue chombo chake."

Hakuja. Kila mtoto akaja na kikombe chake. Baada ya miaka, watu wa shirika walipopita kutafuta mahali pa kujenga, walikuta foleni ya vikombe mbele ya nyumba ya Bibi, wakauliza ofisi hii ni ya nani. Chumba cha kwanza kilijengwa hatua ishirini kutoka kwenye mafiga yake. Sufuria yenyewe ilikuwa mbele yangu muda wote, imejaa masizi, mshikio mmoja umefungwa kwa waya.

"Kwa nini hukuikomboa?" nikamuuliza Babu. Swali la pili.

"Ningeikomboa," akasema, "wangekula nini?"

Bibi akasema asijitie wema, ni ubahili. Kisha akaniuliza bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa wapi, maana tangu siku ya kwanza anaona paji la uso analijua. Nikasema Mzigua wa Handeni, ila sikumwona. Akanipiga paja. "Basi huyu Mnyamwezi ni mtani wako na wewe. Miaka miwili unamwogopa bure."

Nilikwenda kwa mratibu bila karatasi. Nilisimama mbele ya meza yake na sauti ikanitoka nyembamba lakini ikatoka. Nilimwambia kosa ni langu, sikuuliza, na nikamsimulia msiba, sufuria na arobaini. Nilipofika kwenye neno watani akaacha kuandika.

"Wale ni watani? Kwa nini hukusema?"

"Sikujua."

Akaegemea kiti. Akaniambia yeye ni Mpare, ana Wachaga wake, na kuna mmoja amekuwa akimwita mchawi tangu wasome pamoja. "Angekuja mtoto akayapaka ukutani, ningekuwa wapi leo." Akafikiri. Akauliza je, wageni watakaosoma bila kujua? Nikasema tusifute, niongeze kilichobaki. Akasema sawa, kama patatosha, na utepe ni wa Bibi, na atakwenda kumwomba radhi, ingawa Bibi hakuwahi kuambiwa rasmi kwamba amenyang'anywa.

Patoshe wapi. Nilikuwa nimejaza ukuta wote, imebaki shubiri mbili juu ya sakafu. Ijumaa nililala kifudifudi juu ya gunia na brashi nyembamba kuliko zote, nikaandika kisa cha msiba na sufuria kwa herufi ndogo. Hadi leo anayetaka kujua ukweli wote lazima achutame. Nimewaona wazee wakichutama pale wakishikana mabega.

Jumamosi Bibi alikata utepe amevaa zambarau. Mkasi ulikuwa wa mama. Wajukuu wake walisoma ukuta kwa sauti, mmoja akisimama juu, mwingine amekaa chini, wakipokezana, na walipofika kwenye wizi watu wazima wa Pongwe walishangilia kuliko walivyoishangilia hotuba. Halafu Babu akatokea na jogoo kwapani, akamweka miguuni kwa Bibi, akasema mbele ya wageni kwamba amekuja kukomboa sufuria ya msiba wa baba yake. Bibi akamwinua jogoo kwa mabawa, akamgeuza, akamchungulia macho.

"Huyu ana mafua," akasema. "Rudi mwakani."

Walipika pilau kwenye sufuria hiyo hiyo, ndani ya jiko jipya, na jogoo akazunguka kiwanjani mpaka jioni akila punje.

Jumapili asubuhi nilirudi kituoni kupeleka brashi na kopo. Babu alikuwa amevaa shati la misa. Alikuwa amesimama akifungua kufuli la geti dogo, kigoda kikiwa nyuma yake, kitupu. Niliweka kopo chini. Nikakaa.

Aligeuka, akaniona. Ule uso wa kuni.

"Mpaka ukikomboe," nikamwambia.

"Shikamoo yenyewe hujanipa."

Nikampa shikamoo, hapo hapo nilipokaa. Akaitikia marahaba, akatazama barabarani, akasema misa inaanza na yeye miguu inamuuma. Sikunyanyuka mpaka aliposema ataleta kitu baada ya arobaini. Ndipo nikakitwika kigoda kichwani, nikaenda nacho nyumbani kwa barabara kubwa. Kila benchi waliniuliza nimekitoa wapi, na kila benchi niliwaambia.